Nyumba na Malezi: Mchezo Ndio Uchaguao Kalamu

Fundi seremala mwenye busara haingii dukani akanunua kila chombo king'aacho. Hujiuliza kwanza kama ameagizwa kitanda au mlango, kisha hutazama vyombo alivyo navyo, na mwisho hununua kile kimoja anachokikosa. Kanuni hii inajulikana na kila mtu katika useremala, lakini husahauliwa upesi katika kazi mpya iliyoingia majumbani: kazi ya kutengeneza michezo ya kompyuta.

Vijana wengi wa siku hizi hawatosheki na kucheza michezo iliyotengenezwa na watu wengine. Wanataka kuitengeneza wenyewe, jioni baada ya masomo, kwa furaha yao tu. Injini za kuunganishia mchezo si taabu kuzipata. Godot, kwa mfano, iliyoanzishwa na mafundi wawili wa Argentina, imetolewa bure kwa umma tangu mwaka 2014. Taabu huanza pale mchezo unapotaka picha za kuonwa na sauti za kusikiwa. Hapo kijana husikia majina ya programu nyingi, nyingine za bei kubwa, na asiye na mshauri huchagua ile yenye sifa kubwa kuliko zote.

Na ichukuliwe nyumba ya koplo mmoja katika kambi iliyo karibu na ziwa. Koplo alinunua kompyuta iliyokwisha tumika. Mkewe aliweka humo hesabu za cherehani yake: nani kaleta kitambaa, nani kalipa nusu, nani bado. Kijana wao wa kidato cha tatu alianza kutengeneza mchezo wa mvuvi avukaye ziwa kwa mtumbwi, ambaye hana budi kufika sokoni na samaki wake kabla mvua haijanyesha. Rafiki yake alimletea flashi yenye programu maarufu ya picha iliyovunjwa kufuli, ambayo mwenyewe huiuza kwa fedha nyingi. Siku ya tatu mafaili yote ya kompyuta yalikuwa yamefungwa, na kwenye kioo yalitokea maandishi ya kudai fidia. Hesabu za mama za miezi saba zilipotea, na mtumbwi wa kijana ukazama pamoja nazo.

"Kompyuta hii itauzwa kesho," koplo alisema.

"Baba watoto," mkewe alijibu, "mwizi akipita mlango ulioachwa wazi, nyumba haiuzwi. Mlango ndio ufungwao. Kwanza mtoto aulizwe alikuwa anatafuta nini."

Kijana alieleza kwamba aliitaka programu ile kwa kuwa ndiyo itumiwayo na mafundi wakubwa wa dunia.

"Na mchezo wako wewe, mwanangu, unahitaji picha ngapi, na za namna gani?"

Kijana alinyamaza. Hakuwa amehesabu.

Kunyamaza kule ndiko kulikoleta hasara, kuliko hata flashi ya rafiki. Asiyejua mchezo wake unahitaji nini hawezi kujua chombo gani kinamtosha. Basi hutafuta kikubwa, na kikubwa akikosa kukinunua, hukiiba.

HESABU KWANZA

Kabla ya kuingiza programu yoyote katika kompyuta, mtengenezaji na achukue daftari na kalamu ya risasi. Aandike kila kitu kitakachoonekana: mvuvi, mtumbwi, kasia, samaki wa aina tatu, wingu, matone ya mvua, gati, soko. Kisha aandike kila kitakachosikika: kasia majini, radi, mvua, samaki atiwapo kapuni, kelele za sokoni, na wimbo mmoja. Orodha hiyo ikizidi ukurasa mmoja, mchezo wa kwanza ni mkubwa mno na upunguzwe.

Baada ya orodha huja kipimo. Picha ya kompyuta ni mkusanyiko wa vitone viitwavyo pikseli. Picha yenye vitone 16 kwa 16 ina vitone 256. Ikiongezwa ukubwa iwe 32 kwa 32, vitone havizidi mara mbili, bali mara nne, navyo huwa 1,024. Ikifika 64 kwa 64, huwa 4,096. Mvuvi apigaye kasia kuelekea pande mbili, kila upande picha nne za mwendo, ni picha 8. Kwa kipimo kidogo kabisa, picha hizo ni vitone 2,048. Kwa kipimo kikubwa ni vitone 32,768. Mwanafunzi mwenye saa moja kila jioni na apime mwenyewe ni kipi atakachokimaliza.

Mtu asione haya kuwa na picha ndogo. Game Boy, chombo cha michezo cha kampuni ya Nintendo kilichotoka Japani mwaka 1989, kilikuwa na kioo cha vitone 160 kwa 144 na vivuli vinne tu, bila rangi nyingine. Hata hivyo mamilioni ya watu waliicheza michezo yake na kuikumbuka. Jicho la mchezaji husamehe picha ndogo. Lisilosamehe ni mchanganyiko: mvuvi wa vitone 16 katika mtumbwi uliochorwa kwa brashi laini, juu ya ziwa lililopigwa picha kwa simu. Vitu vya mchezo mmoja na vifanane kama sare za kikosi kimoja.

KALAMU ZA PICHA

Orodha na kipimo vikiwa tayari, uchaguzi huwa mwepesi, maana kila namna ya picha ina kalamu yake.

Kwa picha za vitone, chombo kisifiwacho sana ni Aseprite. Kimetengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, nacho huonyesha picha za mwendo zikifuatana, ili mchoraji aone kasia ikipanda na kushuka. Bei yake ni takriban dola 20. Asiyeweza kulipa anayo LibreSprite, iliyotokana na Aseprite ya zamani wakati ilipokuwa bado katika leseni huru, nayo ni bure. Ipo pia Piskel, ambayo ni bure na nyepesi mno. Kwa kompyuta kuukuu kama ile ya koplo, hizi mbili zatosha kabisa.

Kwa picha za brashi, zile zenye kivuli laini kama za kitabu cha hadithi, ipo Krita. Hiyo ni kalamu ya mchoraji hasa, na humfaa zaidi mwenye kibao cha kuchorea kwa kalamu ya umeme, kwa kuwa kuchora kwa kipanya ni kama kuandika barua kwa kipande cha sabuni. Ipo pia GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na kutolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1996. Hii nguvu yake zaidi ni kurekebisha: kukata, kubadili rangi, kuondoa mandhari ya nyuma ya picha.

Kwa picha za mistari, kama alama, vitufe na ramani, ipo Inkscape, ambayo imekuwako tangu mwaka 2003. Picha zake hazihesabiwi kwa vitone bali kwa mistari na mapindo, kwa hiyo hukuzwa zikajaa ukuta bila kukwaruzika.

Kwa vitu vyenye umbo la kuzungukwa pande zote, ipo Blender, na historia yake inastahili kujulikana. Kampuni iliyokuwa nayo ilifungwa mwaka 2002. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal wa Uholanzi, aliwaomba watu wachange yuro 100,000 ili programu ikombolewe na kupewa umma. Fedha zilipatikana katika muda wa majuma saba, na tangu Oktoba mwaka ule Blender ni mali huru. Filamu ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia na kutengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025 katika filamu ndefu za picha zichorwazo. Lakini sifa hiyo isimdanganye mwanzaji. Blender hutaka kompyuta yenye nguvu na miezi mingi ya kujifunza. Mvuvi wa pikseli 16 haihitaji.

SAUTI HAZINUNULIWI ZOTE

Wengi hudhani kwamba sauti ni kazi ya studio. Kweli ni kwamba sauti za mchezo zina asili tatu, na mbili kati yake hazidai fedha.

Ya kwanza ni sauti ya kubuniwa na kompyuta yenyewe. Mwaka 2007 Tomas Pettersson wa Sweden alitengeneza programu ndogo iitwayo sfxr kwa ajili ya washindani wa Ludum Dare, mashindano ya kutengeneza mchezo kwa siku mbili. Ina vitufe vilivyoandikwa kazi zake: kuokota sarafu, kuruka, kugongwa, mlipuko. Kitufe kikibonyezwa, sauti hutoka. Kikibonyezwa tena, hutoka nyingine ya jamii ile ile. Mtoto wa miaka kumi aweza kupata sauti zote za mchezo mdogo katika jioni moja.

Ya pili ni sauti ya kunaswa. Mvua juu ya bati, kijiko ndani ya bakuli la maji, mchele ukimwagwa katika ungo: vyote hivi hunaswa kwa simu ya kawaida, usiku nyumba ikiwa imetulia. Kisha sauti huingizwa katika Audacity, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani mwaka 1999. Humo hukatwa ukimya wa mwanzo na mwisho, hupunguzwa mvumo, na hulinganishwa ukubwa wa sauti, ili radi isimpasue mchezaji masikio baada ya kasia kumnong'oneza.

Ya tatu ni muziki, na hapa subira huhitajika. LMMS ni programu ya bure ya kutunga kwa kupanga noti na midundo, ingawa kazi yake si kunasa sauti ya mwimbaji. FL Studio, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, hupendwa na watungaji wengi. Huuzwa, na toleo lake la kujaribia lina sharti ambalo huwaumiza wasiolisoma: kazi iliyohifadhiwa haifunguki tena mpaka programu ilipiwe. Kijana akiijaribu bila kujua, atalala na wimbo na kuamka bila wimbo.

Wimbo wa mchezo hauhitaji kuwa mrefu. Sekunde 30 zinazorudi mwanzo bila mshono zatosha, mradi zisichoshe sikio zikirudiwa mara hamsini. Na kabla ya kuutia, na usikilizwe na mtu mwingine wa nyumbani aliye katika shughuli zake. Akianza kuuimba jikoni, ni wimbo mzuri. Akiuliza utakoma lini, urudiwe.

MAFAILI YANAVYOHIFADHIWA

Kazi nzuri yaweza kuharibiwa na namna ya kuihifadhi. Picha za mchezo zihifadhiwe kwa PNG, ambayo hutunza kila kitone na kuacha wazi nafasi inayozunguka umbo. JPG hupunguza ukubwa kwa kuharibu vitone vidogo, tena haiwezi kuacha nafasi wazi, hivyo mvuvi atatokea akiwa ndani ya sanduku jeupe.

Kwa sauti, WAV hutunza kila kitu lakini ni nzito: dakika moja ya muziki wa pande mbili, kwa kipimo cha kawaida cha diski, huchukua megabaiti 10 na zaidi. Basi sauti fupi ziwe WAV, na muziki uwe OGG. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni, na wimbo unaozunguka husikika ukijikwaa kila urudipo.

Zaidi ya yote, kila jioni nakala ya kazi iwekwe katika flashi, na flashi ichomolewe na kuwekwa mahali pake. Nakala iliyobaki imechomekwa katika kompyuta si nakala. Adui akiingia hukamata zote mbili.

HAKI YA MWENYE KAZI

Kuna picha na sauti zinazotolewa bure, na mwanzaji asizidharau. Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ni ghala kubwa la sauti. OpenGameArt ni ghala la picha na sauti za michezo. Lakini neno "bure" lina masharti yake. Alama CC0 maana yake mwenyewe ameacha haki zake, na kila mtu atumie apendavyo. CC BY maana yake tumia, lakini mtaje mtunzi. Zikiongezwa herufi NC, kazi isitumiwe kwa biashara; kijana atakayetaka kuuza mchezo wake siku moja na aziepuke tangu mwanzo. Daftari lile la orodha liwe na safu ya mwisho: kitu hiki kimetoka kwa nani, na kwa leseni gani.

Kwa familia zikaazo kambini kuna mambo mawili zaidi. Beni ya kikosi ifanyapo mazoezi, sauti yake ni tamu na kinasa sauti kiko mkononi. Hata hivyo wimbo una mtunzi na beni ina mkuu wake, na ruhusa huombwa kwa adabu kabla ya kunasa. Tena majengo ya kambi, lango na magari ya kazi visipigwe picha ili viwe mandhari ya mchezo. Mtoto hana nia mbaya, lakini picha ikishatoka haijui nia ya aliyeipiga. Wala programu yoyote isiingizwe katika kompyuta ya ofisini, hata ikiwa ni ya halali, kwa kuwa kompyuta ile si ya nyumbani.

WALIOFIKA WALITUMIA NINI

Mwenye shaka na awatazame waliofika. Daisuke Amaya wa Japani alitengeneza mchezo wa Cave Story peke yake, katika saa zake za mapumziko, kwa miaka 5, akautoa bure mwaka 2004. Hata programu ya kutungia muziki aliitengeneza mwenyewe kwa kadiri ya haja yake. Eric Barone wa Marekani alitumia zaidi ya miaka 4 kwa mchezo wa shamba uitwao Stardew Valley, uliotoka mwaka 2016. Picha zote alichora mwenyewe kwa Paint.NET, programu ambayo hutolewa bure, naye alizichora tena na tena kadiri mkono wake ulivyoendelea. Fedha alitoa katika programu moja ya muziki, Reason, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa na haja. Siku hizi mchezo wake umeuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Wawili hao hawakuwa na vyombo vingi. Walivijua vichache walivyokuwa navyo.

Tena si lazima kwenda mbali. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka 3 mpaka zikatimia dola 300, akamnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme wa kuitia nguvu, basi kijana alitembea saa 3 kufika mahali pa kuichaji. Alijifunza mwenyewe, akatengeneza mchezo wa Salaam, ambamo mchezaji humwongoza mkimbizi akiikimbia vita. Mwaka 2018 alitambuliwa katika sherehe ya The Game Awards huko Marekani. Kilichomfikisha pale ni akiba ya mama na miguu yake mwenyewe, wala si ukubwa wa programu.

Katika nyumba ya koplo, kompyuta haikuuzwa. Ilifutwa yote na kuanzishwa upya, na kijana aliwajibika kukaa na mama yake jioni nne, wakikumbuka jina moja moja la wadaiwa wa cherehani na kuyaandika. Majina mawili hayakukumbukwa, na fedha hizo hazikurudi. Jioni ya tano alifungua daftari, akaandika orodha ya mchezo wake. Ilitimia vitu 14. Baba yake aliisoma akiwa bado na sare, akatia alama kwenye neno moja.

"Hii radi," alisema, "usiitafute kwenye mashine. Ile karai kuukuu iko nje. Kaipige."

Mzazi ambaye mtoto wake ameanza kazi hii asiulize kwanza bei ya programu. Na aiombe orodha. Mtoto akiwa nayo, chombo kitakachomfaa kitajulikana, na mara nyingi kitakuwa cha bure. Asipokuwa nayo, hata chombo cha bei ghali kuliko vyote hakitamchorea mvuvi.